Redio ya Mzee na vishikwambi vya Ukerewe

Kirumba, Mwanza

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku ziwani. Mimi ni mzima, ingawa nimerejea juzi kutoka Ukerewe nikiwa hoi, kwa kuwa ziwa lilikuwa limechafuka na safari ya kivuko kutoka Nansio ilinitoa jasho. Uliniuliza utafiti wangu umefikia wapi, nami nimeona nikuandikie barua kamili, maana kwenye simu huwa tunaishia kusalimiana tu.

Swali nililokwenda nalo lilikuwa jepesi, pengine jepesi mno: je, vile vishikwambi vilivyogawiwa walimu baada ya Sensa ya mwaka 2022 vimebadilisha ufundishaji? Kwa siku nane nilihesabu dakika ambazo kifaa kiliwashwa, mara ambazo mtandao ulishika, na watoto waliokigusa. Siku ya tisa umeme ulikatika na bando likaisha. Mwalimu wa darasa la tatu, bila kuhangaika, alikiweka kishikwambi chake chenye chaji kidogo juu ya dawati la katikati, akawaita watoto wakizunguke, nao wakasikiliza hadithi moja iliyokuwa imehifadhiwa humo. Alipokizima, aliwauliza: "Nani hakubaliani na sungura?" Walibishana mpaka kengele ikalia, na binti mmoja ambaye sikuwahi kuisikia sauti yake alisimama kumtetea fisi. Katika dodoso langu hapakuwa na mahali pa kuliandika jambo hilo, nikaliandika pembeni.

Siyabezi mambo ambayo kifaa chenyewe kinaweza kufanya. Utakumbuka mashindano ya XPRIZE, ambapo watoto karibu 3,000 wa vijiji vya Tanga, wengi wao wakiwa hawajawahi kwenda shule, walipewa vishikwambi vyenye programu za Kiswahili ili wajifunze wenyewe kusoma na kuhesabu. Mwaka 2019 timu mbili zilizotengeneza programu hizo, Kitkit School na onebillion, zikatangazwa washindi kwa pamoja. Watoto wale walijifunza kweli. Hata hivyo, palipokuwa na mwalimu, kama pale Ukerewe, niligundua kwamba nilikuwa nikiipima skrini wakati somo lilikuwa likiendelea baada ya skrini kuzimwa.

Ndipo nilipoikumbuka Mtu ni Afya, kampeni ya elimu ya afya kwa redio ya mwaka 1973, ambayo sisi watafiti wa leo huitaja kwa haraka kana kwamba redio haikuwa teknolojia. Watu wazima wapatao milioni 2 walikutana katika vikundi, wakasikiliza kipindi, wakasoma kijitabu, kisha wakajadiliana wakiongozwa na mmoja wao aliyepewa mafunzo, na mjadala huo ndio uliowafikisha kwenye kuchimba vyoo na kufukia madimbwi ya mbu. Redio ilisema kwa muda mfupi tu. Kazi iliyobaki ilikuwa ya kikundi.

Kwa hiyo nimeamua kulibadilisha dodoso, jambo ambalo halitawafurahisha wafadhili, kwani wao wanapenda majedwali. Mwezi ujao nitarudi Ukerewe na kinasa sauti, nirekodi dakika kumi zinazofuata kifaa kinapozimwa.

Nina ombi moja. Uliwahi kuniambia kuwa Mzee wako alikuwa kiongozi wa kikundi katika kampeni ile ya mwaka 1973. Tafadhali muulize kwa niaba yangu: kipindi kilipokwisha na redio ikazimwa, ni nani aliyekuwa akizungumza kwanza, na yeye alifanyaje pale watu wote waliponyamaza?

Wasalimie wote nyumbani.

Wako,
mdogo wako wa Mwanza