Barua ya wazi kwa Mwenyekiti: Hatukushindwa kumaliza, tulizuiwa

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Ufundi,

Salamu nyingi. Hunijui, na hilo si kosa lako. Viongozi hukaa kwenye mstari wa kumalizia, na mimi mara nyingi siruhusiwi kufika hapo. Ni mpanda baiskeli wa ridhaa, umri umekwishavuka arobaini, kazi yangu ni ya kukaa kitini mchana kutwa, na katika msimu uliokwisha juzi nilijiandikisha mashindano tisa. Kwenye matokeo yaliyobandikwa nina nafasi katika matatu. Moja niliacha mwenyewe baada ya pancha ya pili, tyubu ya akiba ikiwa imekwisha kazi kwenye pancha ya kwanza. Matano yaliyobaki yana neno moja tu mbele ya jina langu: Hakumaliza.

Neno hilo ndilo lililonikalisha niandike. Lingekuwa la kweli nisingelisumbukia. Nimezoea kushindwa, na naweza kusema ni kitu ninachokifanya kwa ustadi. Lakini mara zote tano miguu ilikuwa ingali inazunguka pale filimbi ilipopulizwa na mwamuzi akaninyooshea mkono nitoke pembeni.

Nikueleze ya mwisho, ile ya kufungia msimu. Mzunguko wa kilomita sita, mara kumi. Mizunguko miwili ya kwanza nilikaa ndani ya kundi, mapigo ya moyo yako kooni, macho kwenye gurudumu la aliye mbele yangu, sioni kingine duniani. Mwanzoni mwa wa tatu kuna kona ya kushoto, halafu barabara inapanda kidogo na upepo unapiga ubavuni. Mtu aliyekuwa mbele yangu akaachia mita mbili. Mita mbili zikawa tano. Nikainuka kwenye tandiko kuziba pengo, sikuliziba, na kundi likaenda zake.

Wewe ulishindana zamani, hili unalijua, ila nalieleza kwa ajili ya wengine watakaoisoma barua hii. Watu hudhani anayeachwa amelegea. Kwenye barabara tambarare, adui mkubwa wa mpanda baiskeli ni hewa. Kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu ya kuishinda hewa huhitajika mara nane. Aliye katikati ya kundi hasumbuliwi nayo: mwaka 2018 mtafiti Bert Blocken na wenzake walipima kundi la waendeshaji 121, wakakuta kwamba walio ndani kabisa hukutana na asilimia 5 hadi 10 tu ya upinzani wa hewa anaoupata mtu anayekwenda peke yake kwa kasi ileile. Kwa hiyo ukiwa ndani unabebwa. Ukitoka nje, hata kwa mita kumi, unalipa bei yote kwa miguu yako mwenyewe. Ndiyo maana aliyeachwa harudi. Wala si lazima awe dhaifu sana kuliko wale waliobaki. Huenda alikosea kona moja tu.

Basi tukajikuta watatu. Mimi, mwanamume mmoja mzito mwenye mapaja kama magogo, na kijana ambaye alituambia, kati ya pumzi moja na nyingine, kwamba yalikuwa mashindano yake ya kwanza. Tukamfundisha kupokezana upepo: vuta nusu dakika, sogea pembeni bila kuongeza kasi, rudi nyuma, shika gurudumu. Mara mbili za kwanza alikuwa akichomoka kwa pupa anapofika mbele, anatuacha, tunamwita arudi. Mara ya tatu akaelewa. Kuanzia hapo tulikwenda kama saa, karibu dakika 11 kila mzunguko, na nakuambia kwa moyo mweupe kwamba hiyo ndiyo nusu saa tamu kuliko zote katika msimu wangu. Hakuna aliyekuwa akitutazama. Tulikuwa tunashindana kweli.

Tulipokamilisha mzunguko wa saba, walio mbele walikuwa wametuzidi karibu mzunguko mzima, wako nyuma yetu wanakaribia kutupita, filimbi ikalia. Tukatolewa. Zilibaki dakika zisizofika ishirini mashindano yote yaishe. Kijana akauliza, "Nimefanya kosa gani?" Mwamuzi akamjibu kwa upole kwamba hajafanya kosa lolote, ndio utaratibu. Sina ugomvi na mwamuzi. Waamuzi wetu wengi wanajitolea, wanasimama juani tangu alfajiri, na bila wao hata hiyo mizunguko saba nisingeipata.

Sababu za utaratibu nazijua pia, sitajifanya mjinga. Barabara imefungwa kwa saa maalumu. Walio mbele wakiwakuta waliozungukwa wakati wa mbio za mwisho, mtu anaweza kuumia. Anayehesabu mizunguko kwa kalamu huchanganyikiwa kundi likikatika vipande sita. Yote hayo ni kweli. Ila hakuna hata moja kati ya hayo inayosema niandikwe Hakumaliza.

Tazama kwa wakubwa. Kwenye mashindano ya baiskeli za milimani yanayosimamiwa na UCI, shirikisho la baiskeli la dunia, kuna kanuni ya asilimia 80: ukizidi kuchelewa mpaka pengo lipite kiwango hicho cha muda wa mzunguko wa kwanza wa kinara, unatolewa. Ni kali kuliko yetu. Lakini huko anayetolewa hafutwi. Hupewa nafasi yake kwa kufuata alivyotolewa, na kando ya jina huandikwa idadi ya mizunguko aliyopungukiwa: kasoro mmoja, kasoro miwili. Cyclo-cross, mbio za baiskeli za kwenye nyasi na matope, nayo ni hivyohivyo. Yaani mtu akitolewa kwenye mashindano ya dunia anaondoka na nafasi, na mimi niliyetolewa kwenye mashindano ya ridhaa, yenye washiriki hamsini na mbwa mmoja aliyeingia barabarani, naondoka mikono mitupu.

Hicho tu ndicho ninachoomba, Mheshimiwa. Safu moja kwenye karatasi ya matokeo. Vifaa vya kupimia muda tunavifunga tayari, kila tukivuka mstari vinalia na kompyuta inaandika. Taarifa mnazo. Mnachofanya ni kuzitupa.

Na kama barabara inaruhusu, nitaomba na la pili: badala ya kututoa pale tunapokaribia kuzungukwa, tuelekezeni tukae ukingoni, tupitwe, halafu tumalize katika mzunguko uleule anaomalizia mshindi. Haiongezi zaidi ya dakika chache kwenye ratiba. Pale ambapo ni hatari, kwa mfano barabara nyembamba au kona kali karibu na mstari, tutoeni, hatutalalamika. Ila iwe kwa sababu ya mahali penyewe. Isiwe mazoea tu.

Huenda utasema, nafasi ya 41 au ya 43 ina maana gani. Mchezo huu wenyewe uliwahi kuiona ina maana. Tour de France ya kwanza, mwaka 1903, walianza 60 wakamaliza 21. Maurice Garin alishinda. Wa 21 aliitwa Arsène Millocheau, na jumla ya muda wake ilimzidi Garin kwa karibu saa 65. Saa, si dakika! Wakamwandika. Mwaka 1910, walipoingiza milima ya Pyrenees, ndipo lilipoanza gari la ufagio la kuwazoa waliokwama, na hata baada ya hapo wa mwisho aliendelea kuwa na cheo chake: Wafaransa humwita taa nyekundu, kwa taa iliyokuwa ikining'inizwa kwenye behewa la mwisho la treni. Mbelgiji Wim Vansevenant aliishika nafasi hiyo mara tatu mfululizo, 2006, 2007 na 2008. Kushika mkia wa Tour mara tatu maana yake ni kufika Paris mara tatu.

Kuna jambo jingine ninalolipenda zaidi. Robert Marchand, Mfaransa, alikuwa na miaka 105 alipoingia kwenye uwanja wa baiskeli wa Saint-Quentin-en-Yvelines mwezi Januari 2017 kuendesha kwa saa moja. Hapakuwa na rika la umri huo kwenye vitabu vya rekodi, basi likawekwa. Akaenda kilomita 22.547. Rekodi ya saa ya wanaume, iliyowekwa na Filippo Ganna mwaka 2022, ni kilomita 56.792, kwa hiyo mzee wa watu hakufika hata nusu. Aliposhuka akaeleza kwamba hakuliona bango la kuonyesha zimebaki dakika kumi, laiti angeliliona angeongeza mwendo. Huyo ni mshindani. Na aliyemtengenezea rika la peke yake ni shirikisho, watu wa ofisi kama yako.

Sitaki rika la peke yangu. Nishike adabu.

Labda nikueleze pia kwa nini mtu wa aina yangu bado anakuja, maana huenda unajiuliza. Baiskeli kwangu haikuanza na namba ya mgongoni. Naiendea kazini, nairudia nyumbani, na siku isiyo na kazi naitafutia sababu. Kwa baiskeli unaijua barabara kwa mwili: unajua wapi lami imechanika, wapi upepo hubadilika saa kumi jioni, mwinuko upi ambao mwenye gari haujui kama ni mwinuko. Jioni naigeuza juu chini, nasugua cheni kwa mswaki mkuukuu, nakaza spoku iliyolegea, nazungusha gurudumu la nyuma na kusikiliza. Chombo kingine chochote kikiharibika kwangu namwita fundi. Hiki kikilalamika najua kinaumwa wapi.

Mashindano yalikuja baadaye, na yalinibadilisha hadi nikajishangaa. Nililala mapema. Nilinyoa miguu kama wafanyavyo wakubwa, nikajipatia sijui sehemu ngapi za sekunde na vicheko vya wiki nzima nyumbani. Mbio zangu za kwanza dhidi ya saa, kilomita 20, nilitumia dakika 35 na sekunde 10, nafasi ya 31 kati ya 34. Za pili, barabara ileile, dakika 34 na sekunde 31. Sekunde 39, Mheshimiwa! Ile karatasi bado ninayo. Ukitaka kujua kwa nini wanyonge tunapenda mbio dhidi ya saa, ni hilo: unaondoka peke yako, unarudi peke yako, na hakuna wa kukupulizia filimbi njiani. Karatasi yangu ya tatu yenye nafasi niliipata siku ya mvua, wengi walipoteleza au kuogopa kuteleza. Nikawa wa 19, matope mpaka menoni.

Bila karatasi hizo tatu nisingejua kama ninapanda au ninashuka. Katika yale mashindano matano sijui. Mwezi wa kwanza niliachwa mzunguko wa pili, mwezi wa mwisho niliachwa wa tatu, na katikati hapo nilijifunza kukaa ndani, kushika gurudumu, kutofunga breki kwenye kona bila sababu. Hayo ni maendeleo. Kwenye kumbukumbu za shirikisho siku hizo mbili zinafanana kabisa: Hakumaliza, Hakumaliza. Wahenga walisema mwenda pole hajikwai. Huenda. Ila kwetu mwenda pole hupulizwa filimbi.

Yule mzito alinipigia simu wiki iliyofuata, tunafanya mazoezi pamoja siku hizi. Kijana hatujamwona tena. Inawezekana ana mitihani, inawezekana amehama, sitaki kukubebesha mzigo usio wako. Ninachojua ni kwamba alikwenda kilomita 42 kwa kasi ambayo marafiki zake wengi hawawezi kuishika kwa dakika tano, na aliporudi kutafuta jina lake kwenye karatasi ile ukutani, alisimama pale kwa muda akisoma, akazungusha kofia yake ngumu mkononi, akaenda kufungua magurudumu.

Ninaambiwa kamati yako hukutana kabla ya usajili wa msimu mpya kufunguliwa. Naomba safu hiyo moja iwe kwenye ajenda. Mkihitaji mtu wa kukaa na kompyuta siku ya mashindano na kuwapanga wale wa nyuma, niko tayari kufanya hivyo siku ambazo sishindani, bila malipo. Nawajua wengi wao kwa migongo.

Wako katika mchezo,

Mpanda baiskeli wa ridhaa, daraja la mwisho

Nyongeza: Kifaa cha kupimia muda cha siku ile bado ninacho. Tulitolewa kwa haraka nikaondoka nacho mguuni. Nitakirudisha ofisini Jumatatu asubuhi, nikielekea kazini. Muulizeni mwenye kompyuta: kililia mara saba.