Chanjo ya mzee huamuliwa kwenye simu ya mwanawe

Mhariri,

Naomba nafasi nitie neno kuhusu chanjo ya korona kwa wazee.

Rais Samia Suluhu Hassan alipochanjwa hadharani Ikulu, Dar es Salaam, Julai 28, 2021, wenye miaka 50 na kuendelea walikuwa kwenye kundi la kwanza, pamoja na watumishi wa afya na wenye magonjwa sugu. Huku kwetu Lushoto gari la matangazo lilipita, wazee wakasikia vizuri tu. Kisha wakaingia ndani kuwapigia watoto wao walioko Dar.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mtoto ndiye anayetuma hela ya dawa ya presha na ndiye atakayeuguza, kwa hiyo neno lake ni la mwisho. Naye alikuwa ameshatazama zile video za WhatsApp kwamba aliyechanjwa hamalizi miaka miwili. "Mama, subiri kwanza." Mama akasubiri. Wapo wanaosubiri hadi leo.

Jirani yangu, bibi anayelea wajukuu, habari hizo wala hazikumtisha. Alicheka, akasema hiyo miwili akiipata atashukuru. Shida yake ilikuwa ng'ombe wa ndani. Homa ya sindano ikimlaza, nani atapanda mlimani kukata majani? Jibu lake halikuwemo kwenye tangazo lolote nililosikia. Fomu ya ridhaa nayo ilikuwa kikwazo. Mzee asiyejua kusoma ukimtaka aweke dole gumba kabla ya sindano, lazima ajiulize unamkinga yeye au unajikinga wewe.

Muuguzi mmoja wa hapa alikuwa na njia yake. Mzee akisema "ngoja nimuulize mwanangu", anamwambia ampigie palepale, aweke sauti kubwa. Anajitambulisha, anamwacha kijana amalize hofu zake zote, ndipo anamjibu: chanjo hii ni dozi moja, homa na maumivu ya mkono kwa kawaida huisha baada ya siku chache, na mzee mwenye presha akipata korona hali yake huweza kuwa mbaya sana. Nilimsikia kijana mmoja akisema, "Haya, nipe mama." Wakaongea Kisambaa kidogo, mama akakunja mkono wa blauzi.

Simu ya mzee ikiwa haina salio, muuguzi alitumia vocha yake mwenyewe. Nadhani hilo si haki. Kampeni ijayo ipunguze mafuta ya gari la matangazo, wauguzi wapewe vocha. Na ipangwe wakati wa Idd au Krismasi, hao watoto wenye neno la mwisho wakiwa wamepanda mabasi kuja nyumbani.

Mwalimu mstaafu,
Lushoto, Tanga