Risala ya wahitimu wa uuguzi wa afya ya akili kwa mgeni rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Chuo, walimu wetu, wauguzi viongozi mliotupokea wodini, wazazi na walezi, wahitimu wenzetu, mabibi na mabwana.

Awali ya yote tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu na kuja kukaa nasi siku hii ya mahafali. Historia ya chuo na idadi ya wahitimu ameshaieleza Mkuu wa Chuo, nasi hatutairudia. Kwa ruhusa yako, muda tuliopewa tungependa kuutumia kuzungumzia mgonjwa mmoja tu kati ya wengi tuliowahudumia wodini: mgonjwa mwenye mania.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, watu wengi hudhani mania ni furaha iliyopitiliza. Kuna furaha kweli, lakini mara nyingi kuna hasira inayowaka kwa neno dogo. Mgonjwa halali na hasikii uchovu. Anaongea mfululizo hadi maneno yanakanyagana, na wazo moja halijafika mwisho limeshadakwa na jingine. Anajiona ana mali na vyeo asivyo navyo, anagawa akiba ya familia, anaingia kwenye madeni. Kwa vigezo vya kitabibu, hali hii huwa imedumu siku 7 au zaidi, ama muda wowote ule ikiwa imelazimu mtu alazwe. Wengi wao wana ugonjwa wa baipola, ambao baadaye humtupa mtu huyo huyo kwenye sonona nzito.

Tulipoanza mafunzo kwa vitendo tulijua hayo yote kutoka darasani. Kumuuguza hatukujua.

Usiku mmoja tulikuwa zamu na kijana ambaye hakuwa amefumba macho kwa siku nne. Alikuwa akitembea kwenye korido, mlango hadi dirisha, dirisha hadi mlango, midomo imekauka na kupasuka. Sahani yake ya chakula ilirudi jikoni kama ilivyokuja. Mmoja wetu alimwita mara tatu aje akae ale, na kila akiitwa alizidisha mwendo. Sista kiongozi wa zamu hakumwita. Alimenya mayai mawili ya kuchemsha, akachukua kipande cha mkate na kikombe chenye mfuniko, akaingia koridoni na kuanza kutembea ubavuni mwake bila kusema kitu. Kila walipogeuka kwenye dirisha alimtilia kipande mkononi. Kijana alikula huku anatembea na huku anaongea. Walipofika raundi ya saba au ya nane mayai yalikuwa yamekwisha na kikombe kimejazwa mara ya pili. Kisha sista akazima taa za upande ule, akatuomba tupunguze sauti pale mezani, akaendelea kutembea naye, safari hii taratibu zaidi.

Mheshimiwa, hiyo ni tiba. Lithiamu, ambayo daktari John Cade wa Australia alionyesha mwaka 1949 kwamba inatuliza mania, huchukua kati ya siku 5 na 14 kufanya kazi yake. Kabla ya kupatikana kwa dawa hizi, baadhi ya wagonjwa walikufa kwa uchovu, mwili umekimbia mpaka ukaishiwa. Siku hizi daktari huongeza haloperidoli, olanzapini au dawa nyingine inayowahi zaidi, lakini hata hapo kuna siku na usiku ambazo kinachoushikilia mwili wa mgonjwa ni muuguzi: maji, chakula cha kushika mkononi, giza na ukimya.

Tulikosea pia. Mmoja wetu alibishana na mzee aliyesema wodi yote ni mali yake. Alimtajia tarehe aliyolazwa, akamwonyesha faili, akitaka kumrudisha kwenye ukweli. Ndani ya dakika chache kiti kilikuwa kimerushwa. Tangu siku ile tunasema maneno machache, kwa sauti ya chini: "Nimekusikia mzee. Sasa twende tukanywe maji." Hatukubaliani na anachodai, wala hatushindani nacho. Tumejifunza pia kwamba hapana ya zamu ya asubuhi lazima iwe hapana ya zamu ya usiku. Mgonjwa mwenye mania ana akili nyepesi ya kuona muuguzi gani analegea, na makabidhiano ya zamu yakifanywa juujuu yeye ndiye anayeumia.

Kuna mama aliyevua nguo mbele ya wageni saa ya kutazama wagonjwa. Muuguzi aliyekuwa karibu alimfunika shuka na kumpeleka chumbani, wala hakumkaripia. Wiki tatu baadaye, ametulia, mama yule alilia akimshukuru. Wengi wao hukumbuka. Hukumbuka nani aliwacheka na nani aliwafunika.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sasa tunaomba utusikilize kwenye ugumu wa kazi hii.

Wodi tulizopitia kwa sehemu kubwa zina chumba kimoja kirefu, vitanda vimebanana, redio inalia, taa zinawaka usiku kucha. Kwa mgonjwa ambaye kila sauti inamvuta, hilo ni kumwagia mafuta kwenye moto. Usiku anakuwepo muuguzi mmoja kwa wodi nzima. Muuguzi mmoja hawezi kutembea koridoni na mgonjwa mmoja akaacha wengine bila mtu, na hapo ndipo kamba hutolewa. Tunasema haya kwa uchungu: tumeona watu wakifungwa kitandani kwa sababu tu hapakuwa na mtu wa pili. Kumfunga au kumchoma sindano ya kumtuliza kunapaswa kuwa njia ya mwisho, na hata ikilazimu anahitaji mtu wa kukaa naye, kumpima mapigo ya moyo, presha na upumuaji. Mtu huyo naye hayupo.

Jingine ni kipimo cha damu. Lithiamu inayotibu na lithiamu inayodhuru zimekaribiana sana. Kiwango kinachotakiwa ni kati ya milimoli 0.6 na 1.2 kwa lita, damu ikichukuliwa saa 12 baada ya dozi ya mwisho, kikivuka 1.5 sumu huanza kujionyesha kwa kutapika, kuharisha, mikono kutetemeka sana, kuyumba. Na mgonjwa anayetembea usiku kucha akitoka jasho bila kunywa maji ndiye ambaye kiwango chake hupanda upesi. Pasipo kipimo tunabaki kukisia kwa macho.

Kwa hiyo tunakuomba, kwa nafasi uliyo nayo, utusaidie kupata chumba kimoja tulivu katika kila wodi ya afya ya akili: taa ya kupunguzwa mwanga, kitanda cha chini, pasiwe na vyombo vya kurushwa. Tunaomba muuguzi wa pili kwa zamu ya usiku. Kipimo cha lithiamu kipatikane palepale mgonjwa alipolazwa. Ikibidi kuchagua moja, Mheshimiwa, tupatie muuguzi wa pili. Bila yeye chumba kitageuzwa stoo.

Kwa wazazi na walezi mliopo, mgonjwa akirudi nyumbani hesabuni saa zake za kulala. Usingizi ukianza kupungua usiku mbili tatu mfululizo naye asubuhi anaamka na nguvu tele, msingoje aanze kugawa vitu. Mrudisheni kliniki siku hiyo hiyo.

Kijana wa mayai alilala usiku wa sita, kwa muda wa saa tatu tu, sista akiwa kwenye kiti mlangoni. Tuliandika kwenye chati yake: amelala saa tatu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, naomba kuwasilisha.