Kabla ya kung'oa masega, tafuta kilichoyaua

Ndugu Mhariri,

Nimesoma barua ya msomaji wenu aliyewashauri wenye magari wang'oe masega ya ekzosi, yaani kile kifaa kilicho kwenye bomba la moshi kinachopunguza sumu ya moshi wa injini, kwa madai kwamba yanaibana injini na kuongeza ulaji wa mafuta. Mimi ni fundi. Nami niliwahi kuyang'oa, tena mengi, kwa hiyo siandiki kama mtakatifu. Lakini ushauri ule umenikera.

Nianze na pale aliposema kweli. Gari lenye masega yaliyoziba halivuti. Unakanyaga, injini inaguna, kilima kidogo tu kinakushinda. Ukiyatoa, gari linachangamka siku hiyohiyo na mteja anaondoka akikusifu. Ndiyo maana imani hii haiishi. Ila masega mazima hayabani injini kiasi cha dereva kuhisi mguuni. Alichosahau kuuliza ndugu yetu ni kwa nini yaliziba.

Masega hayana kitu kinachozunguka wala kusuguana. Ni kama tofali la kauri lenye mamia ya matundu membamba, limepakwa utando wa madini ya thamani: platini, paladi na rodi. Moshi ukipita humo yakiwa yameshapata moto, nyuzi 300 hivi na kuendelea, monoksidi ya kaboni inageuka kuwa kaboni dioksidi, petroli iliyoponyoka bila kuungua inamaliziwa, na oksidi za naitrojeni zinavunjwa, inabaki naitrojeni hii ya kawaida tunayovuta kila siku. Kitu kama hicho, kikitunzwa, kinaweza kwenda karibu umri wote wa gari. Kikifa mapema, kimeuawa, na muuaji mara nyingi yuko huko mbele, kwenye injini.

Kuna mama mmoja aliniletea gari akiwa tayari ameshabadilishiwa masega mara moja kwingine, na mapya nayo yamekufa kabla ya mwaka. Nikayafungua, nikamulika tochi. Upande mmoja matundu yalikuwa safi, unaona mwanga ng'ambo. Upande wa pili yalikuwa yameyeyuka na kugandana kama mshumaa. Nikarudi kwenye injini nikatoa plagi. Ya kwanza rangi ya udongo, nzuri. Ya pili vilevile. Ya tatu ilitoka nyeusi, imelowa petroli, nikainusa. Koili yake, ile inayoipa plagi umeme wa kutoa cheche, ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Kumbe silinda hiyo ilikuwa inamisi, yaani inakosa kuwasha petroli yake, muda wote, petroli mbichi inamwagwa kwenye ekzosi na kwenda kuungulia ndani ya masega, hadi tofali likayeyuka. Aliyemuuzia masega mapya hakugusa hata plagi moja. Koili moja ndiyo iliyoua masega mawili.

Halafu akanieleza jambo lililonisikitisha zaidi: taa ya injini ilikuwa ikimwakia kwa kupepesa, naye akaambiwa ni sensa tu, aendelee. Taa hiyo ikiwaka bila kupepesa, ina maana tafuta fundi karibuni. Ikipepesa, injini inamisi vibaya na masega yanaungua wakati huohuo unaendesha. Punguza mguu, tafuta pa kuegesha. Kuichomoa taa au kuizima kwa mashine ni sawa na kumziba mdomo mtoto anayelia njaa.

Wauaji wengine ni wa kimyakimya. Injini inayokula oili, kwa ringi au sili za valvu zilizochoka, inapeleka mabaki yake kwenye masega na kuyafunika utando taratibu. Gasketi ikivujisha maji ya rejeta kwenye silinda, dawa iliyomo kwenye maji hayo inaharibu masega pamoja na sensa ya oksijeni. Kuna na kile kivalvu kidogo kinachorudisha mvuke wa oili kwenye injini: kikiziba, oili inaanza kutafuta njia zake. Ni kifaa rahisi kupita vyote nilivyotaja, na ndicho magari mengi yanaletwa kwangu kikiwa hakijawahi kuguswa.

Mashine ya kupimia gari ikisoma kwamba masega hayafanyi kazi, msikimbilie dukani. Sensa ya oksijeni iliyo mbele ya masega inapandisha na kushusha volti harakaharaka. Ile iliyo nyuma ya masega inatakiwa itulie. Ya nyuma ikianza kuiga ya mbele, hapo ndipo kompyuta inalaumu masega. Lakini ekzosi yenye kitundu karibu na sensa inavuta hewa ya nje, na sensa inadanganyika. Nimeshaokoa masega ya watu kwa kuchomelea tu. Na kuna taa zinazowashwa na kifuniko cha tangi ambacho hakikukazwa, kwa kuwa mfumo unaozuia mvuke wa petroli umeona unavuja. Kaza mpaka kilie, kisha uwe na subira. Taa haizimiki hapohapo, kompyuta inataka safari kadhaa ijiridhishe.

Msomaji wenu ametaja pia mafuta mabaya. Adui mkubwa alikuwa madini ya risasi yaliyochanganywa kwenye petroli. Ndiyo maana magari ya Marekani yalipoanza kuwekewa masega kwa wingi, yale ya mwaka 1975, ilibidi yatiwe petroli isiyo na risasi. Algeria, nchi ya mwisho kuuza petroli ya risasi kwa magari, iliacha mwaka 2021. Salfa nyingi bado inayachosha masega, hilo nakubali. Ila haiyeyushi kauri.

Wenye dizeli wana chujio la masizi, ambalo linahitaji safari ndefu yenye moto ili lijichome na kujisafisha. Gari la kwenda hatua mbili na kuzimwa kila siku litaliziba tu. Hilo lina habari yake.

Ukishang'oa masega, monoksidi ya kaboni inatoka yote ilivyo. Haina rangi, haina harufu, na inashika kwenye damu kuliko oksijeni inavyoshika. Anayeivuta ni mtoto wako aliyekaa kiti cha nyuma kwenye foleni, na aliye kwenye gari linalokufuata. (Hata gari lenye masega mazima usiliwashe ndani ya banda lililofungwa, yakiwa ya baridi hayafanyi kazi.)

Masega ya yule mama yako juu ya meza yangu ya kazi. Mteja akija kuomba nimtolee yake, kwanza nampa hayo ayashike, na tochi. Kisha tunafungua plagi pamoja.

Ni mimi msomaji wako,
Fundi wa magari
(Jina na anwani vimehifadhiwa)