Kwa Waombezi wa Kisumu: Kabla ya Kumwekea Mtoto Mkono

Kwa wachungaji, manabii na waombezi wa Nyalenda, Manyatta, Obunga na Kondele,

Bwana asifiwe. Baadhi yenu niliwadunga chanjo mkiwa wadogo, na wengine tumekesha pamoja, kwa hiyo mtanivumilia nikisema bila kuzunguka. Siji kubishana nanyi kama mapepo yapo au hayapo. Hata mimi naomba. Ombi langu ni hili: mtoto akiletwa kwenu ikisemekana ana pepo, kabla ya kumwekea mkono, ulizeni anaishi kwa nani.

Wanaoletwa huwa si watoto wowote tu. Ni yatima aliyechukuliwa na shangazi, au mtoto wa kambo, au yule aliyetolewa kijijini akaambiwa anakuja mjini kusoma, akafika akakabidhiwa sufuria na mtoto mchanga wa kubeba. Ni mwenye ulemavu. Biashara ikianguka au mimba ikitoka, macho yote humgeukia huyo. Mtoto wa kuzaliwa humo akikojoa kitandani, husemwa analala fofofo. Wa kuletwa akikojoa, ana pepo la ziwani.

Victoria Climbié alitolewa kwao Ivory Coast na shangazi wa babake kwa ahadi ya shule, wakafika London mwaka wa 1999. Alipigwa, akawa analazwa ndani ya beseni la kuogea akiwa amefungwa. Hospitali mbili, polisi na maafisa wa ustawi wa jamii walimwona wakampita. Kanisani nako ilidhaniwa ana pepo. Alikufa Februari 2000 akiwa na miaka 8, na mwili wake ulikutwa na majeraha 128. Hapo pepo alikuwa kisingizio kizuri kwa aliyeshika fimbo.

Halafu kuna ugonjwa. Sisi ni watu wa ziwa, mbu ni wetu. Malaria ikipanda kichwani mtoto huweweseka, hukakamaa, huzungumza na watu wasioonekana, na anaweza kufa kwa siku moja au mbili. Kesha moja tu linatosha kumpoteza. Kifafa nacho kina dawa: Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakitibiwa vizuri. Ukimwambia mama atupe vidonge ili aonyeshe imani, degedege linaweza kurudi lisikatike, na hilo huua.

Nilipokuwa zamu usiku mmoja aliletwa msichana, wakasema ameanguka. Tulipofungua leso, vifundo vya mikono vilikuwa na alama za kamba, midomo imepasuka kwa kiu, nywele bado zanukia mafuta ya upako. Alikuwa amelazimishwa kufunga kavu, bila chakula wala maji. Alipopewa uji alimtazama kwanza aliyemleta, ndipo akathubutu kunywa.

Basi ombeni, lakini iwe mchana, mlango wazi, watu wake wakiwapo. Mtoto hafungi chakula wala maji. Hafungwi kamba, hachapwi, hatiwi pilipili machoni, halali kanisani eti pepo litoke polepole. Anayeumwa aende hospitali kwanza, maombi yatamfuata wodini. Sijawahi kuona muuguzi akimzuia mtu kuomba kando ya kitanda.

Na mkiona alama, msiite wazee wakae wakubaliane mbuzi. Hayo si mambo ya boma. Kifungu cha 53 cha Katiba kinamlinda mtoto dhidi ya ukatili na mila zenye madhara, na Sheria ya Watoto ya 2022 imeongezea nguvu. Pigeni 116, ni bure. Au nendeni kwa afisa wa watoto, au dawati la jinsia kituoni, au kwa naibu wa chifu. Mtoto mwenye majeraha apelekwe hospitali siku hiyohiyo, maana alama hufifia na kesi hufifia nazo. Ila msitangulie kumwonya mwenye nyumba. Akisikia, mtoto atapakiwa kwenye matatu ya alfajiri, na wa kumfuatilia hamtampata. Msimhoji mtoto mbele ya kamati nzima pia. Asikilizwe na mtu mmoja anayemwamini, kisha aachiwe wanaojua kazi hiyo.

Kuna jambo moja ambalo afisa wa watoto hawezi kuwafanyia. Mtoto akishaitwa mwenye pepo, jina hilo humfuata hadi darasani. Wenzake hukataa kuketi naye, na jirani humfukuza mlangoni. Aliyetajwa madhabahuni kuwa ana pepo, mchungaji yuleyule asimame madhabahuni palepale aseme kwamba alikosea na mtoto hana neno, na waumini waliosikia la kwanza walisikie na la pili. Jumapili hii mna nafasi.

Ni mimi dada yenu mkubwa katika imani,
Muuguzi mstaafu, Kisumu