Nyeusi ya bendera yetu si dhambi

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu mhubiri mmoja niliyemsikia kwenye ibada ya kuadhimisha Uhuru, 9 Desemba. Simtaji jina wala usharika wake, maana ni kijana mwenye bidii. Alisema bendera ya Tanzania imebeba Injili: nyeusi ni dhambi, bluu ni ubatizo, kijani ni kukua kiroho, njano ni utukufu wa mbinguni. Watu wakaitikia amina. Mimi, mzee wa kanisa na mwalimu mstaafu wa Jiografia, amina hiyo ilinikwama kooni.

Nyingi ya tafsiri hizo najua zilikotoka. Ni kile kijitabu kisicho na maneno tunachofundishia watoto Shule ya Jumapili: ukurasa mweusi dhambi, mwekundu damu ya Yesu, mweupe moyo uliotakaswa, wa dhahabu mbinguni, na kijani cha kukua. Sasa itazame bendera yetu. Nyekundu iko wapi? Injili gani hiyo isiyo na damu?

Anayetaka bendera iliyokusudiwa kweli kuwa ya Kikristo aitazame ya Tonga, kule Bahari ya Pasifiki. Mfalme George Tupou wa Kwanza, aliyeongoka kupitia wamisionari wa Kimethodisti, alitaka bendera itangaze imani yake. Nyekundu ikawa damu ya Kristo, na msalaba ukawekwa kwenye kona nyeupe. Hapo awali bendera yao ilikuwa nyeupe yenye msalaba mwekundu, lakini ilifanana mno na ile ya Msalaba Mwekundu, ndipo wakaigeuza. Katiba yao ya 1875 inakataza kuibadilisha, na katiba hiyo hiyo inaamuru Jumapili itunzwe kuwa takatifu. Walikusudia, wakaandika. Hata Wadenmark, wanaosimulia kwamba bendera yao ilishuka kutoka mbinguni katikati ya vita mwaka 1219, msalaba wao angalau unaonekana kwa macho.

Yetu ilikusudiwa mengine. Kijani na nyeusi zilitoka kwenye bendera ya TANU, na njano ikaongezwa ilipotengenezwa ya Tanganyika huru, 1961. Kijani ni ardhi na mimea, njano ni madini, nyeusi ni watu. Bluu ilikuja na Zanzibar mwaka 1964, baada ya Muungano, nayo ni maji: bahari, maziwa na mito. Mtu anayeibatiza bluu iliyotoka kwa Wazanzibari, ambao wengi wao ni Waislamu, amewauliza?

Lakini kinachoniuma hasa ni ile nyeusi. Mstari ule ni sisi. Mtoto wa shule ya msingi anafundishwa darasani kwamba nyeusi ni yeye, mama yake na babu yake. Jumapili anaambiwa nyeusi ni dhambi. Hesabu hiyo ataijumlisha mwenyewe, hahitaji mwalimu. Wazee wetu walihangaika sana kufuta fikra hiyo waliyoachiwa na wakoloni, na leo tunairudisha sisi wenyewe, kwa kipaza sauti, tena siku ya Uhuru!

Aliyetaka Mungu atajwe siku hiyo, ametajwa tayari kwenye wimbo wa taifa, na Waislamu nao wanauimba. Naomba idara za elimu ya Kikristo kwenye dayosisi zetu ziwapelekee wahubiri maana rasmi ya rangi za bendera kabla ya Desemba ijayo. Karatasi moja inatosha.

Mwalimu mstaafu,
Marangu, Kilimanjaro