Tuache kurekodi redio kwa simu mbele ya spika

Mhariri,

Tunaomba nafasi kwenye ukurasa wako tuzungumze na wasomaji wanaopenda kuhifadhi vipindi vya redio. Hapa Mwanza mtindo ni uleule kila nyumba: likianza tangazo la msiba, mahojiano na mzee juu ya mila za Usukuma au wimbo wa kwaya ya mtaani, simu inawekwa mbele ya spika. Kinachobaki ni feni, kuku, bodaboda na, kwa mbali, sauti iliyokuwa inatafutwa. Waya wa AUX (wenye pini kama ya hedifoni pande zote mbili, mmoja kwenye redio, mwingine kwenye kompyuta) na kompyuta iliyopo nyumbani vinatosha kuondoa tatizo hilo, ilimradi waya uchomekwe panapostahili.

Kompyuta ya mezani ina matundu ya rangi nyuma. La kijani hutoa sauti, la buluu hupokea sauti kutoka kwenye vyombo kama redio, la pinki ni la maikrofoni. Makosa mengi huanzia kwenye la pinki. Maikrofoni hutoa umeme mdogo mno, kwa hiyo tundu lake hukuza sana chochote kinachoingia. Redio nayo, kwenye tundu la hedifoni, hutoa umeme wa kutosha kusukuma spika za masikioni. Vikikutana, sauti inapasuka. Fungua Audacity, programu ya bure ya kurekodi sauti, utaliona jambo hilo kwa macho: mawimbi ya sauti yamekatwa bapa juu na chini, kama majani yaliyopitiwa na fyekeo. Kilichokatwa hakirudi, hata ukipunguza sauti baadaye.

Laptopu zina tabu yake. Nyingi zina tundu moja tu. Tazama pini: ya waya wa AUX wa kawaida ina mistari miwili myeusi, ya hedifoni yenye maikrofoni ina mitatu. Ukichomeka yenye miwili, laptopu hudhani umeweka hedifoni, na inaendelea kurekodi kwa maikrofoni iliyo juu ya skrini. Hapo umerudi kulekule kwa simu na spika. Dawa ni kadi ndogo ya sauti ya USB. Kwa kuwa nyingi za bei nafuu zina tundu la maikrofoni pekee, sauti ya redio ipunguzwe kwanza njiani. Fundi yeyote atalehemu rizista ya kilo-omu 10 (kahawia, nyeusi, chungwa) kwenye waya wa sauti, kisha ya kilo-omu 1 (kahawia, nyeusi, nyekundu) kutoka mwisho wa ile ya kwanza, upande wa kompyuta, kwenda kwenye waya wa ganda, yaani ule unaozunguka nyaya za sauti. Sauti inashuka hadi sehemu moja kati ya kumi na moja. Baada ya hapo iwekwe kapasita ya maikrofaradi 10, chanya ikielekea kompyuta, ili izuie umeme ambao tundu la maikrofoni lenyewe hutoa.

Mwenye king'amuzi chenye chaneli za redio ana kazi nyepesi zaidi. Matundu yake mekundu na meupe yanakwenda moja kwa moja kwenye tundu la buluu. La njano ni la picha, liache.

Weka kitufe cha sauti cha redio karibu robo, kisha pandisha polepole hadi vilele vya mawimbi ya sauti vicheze kati ya desibeli -12 na -6 kwenye kipimo cha Audacity. Acha hapo. Watu hupandisha hadi karibu na sifuri wakati mtangazaji anaongea taratibu, halafu muziki wa tangazo la biashara unaingia na kuharibu kila kitu.

Ukisikia mvumo mzito usiokoma, chomoa chaja ya laptopu. Mvumo ukitoweka, ulikuwa wa umeme wa ukutani. Mkwaruzo kwenye mawimbi ya kati (AM) ni jambo lingine: hutoka kwenye taa za LED, chaja za simu na inveta za sola. Tumia redio ya betri, iweke mita mbili au tatu kutoka kwenye kompyuta, na uigeuze redio yenyewe, kwa sababu antena ya mawimbi hayo ni kijiti kilicho ndani yake. Kuvuta antena ya nje hakusaidii kitu.

Kwa FM, milima yetu ya mawe ndiyo kikwazo. Aliye nyuma ya mwamba kule Igogo au Mabatini hupata mawimbi yaliyogonga jiwe pamoja na yale yaliyonyooka, na hapo sauti inachakaa hata kama stesheni ni ya mjini. Kusogeza antena nusu mita kunaweza kumaliza tatizo. Waya wa sentimita 75 uliosimama wima unafaa, maana ni robo ya wimbi la megahezi 100.

Wapo pia wanaonunua kipokezi cha USB aina ya RTL-SDR, kinachoifanya kompyuta yenyewe iwe redio. Ni kizuri, lakini kwenye Zadig, programu ya kukiwekea draiva (programu inayokiendesha kifaa), chagua kifaa chenye jina Bulk-In, Interface 0. Ukikosea ukachagua kipanya, kipanya kinakufa hadi draiva yake irudishwe. Usipandishe ukuzaji hadi mwisho, kwani stesheni zenye nguvu zitajitokeza mahali zisipokuwepo. Rekodi sauti tu: kuhifadhi mawimbi ghafi ya megahezi 2.4 hula takriban gigabaiti 17 kwa saa hata kwa biti 8.

Saa ndiyo huwaponza wengi wanaoiachia kompyuta ianze kurekodi yenyewe. Kompyuta haijui saa zetu. Taarifa ya habari ya saa mbili usiku iandikwe 20:00. Ukiandika 02:00 utaamka na saa nzima ya kipindi cha usiku wa manane. Ratiba zinazotolewa kwa saa za GMT ziongezewe saa tatu. Zuia kompyuta isilale, na laptopu usiifunge kifuniko.

Maongezi yanatosha kurekodiwa kwa chaneli moja na kuhifadhiwa kama MP3 ya kilobiti 64, takriban megabaiti 29 kwa saa. Sauti ya mzee au ya marehemu tunaomba iachwe kama WAV, yaani faili isiyobanwa, megabaiti 320 hivi kwa saa, na nakala yake iwekwe kwenye flashi ya pili. Jina la faili lianze na mwaka, mwezi, siku na saa, kisha stesheni na anayeongea, ili mafaili yajipange yenyewe kwa tarehe. Kabla ya kuzima kompyuta, sikiliza dakika ya kwanza na ya mwisho.

Mafundi redio,
Mwanza